Wamonaki Sokoni: Kutoka Sufu ya Yorkshire hadi Duka la Mtandaoni

Sura ya 57 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ni fupi mno, ila imewaongoza wamonaki sokoni kwa karibu miaka 1,500. Inawahusu mafundi wa monasteri. Fundi afanye kazi yake kwa unyenyekevu na kwa ruhusa ya abate. Akianza kujivuna kwamba ufundi wake ndio unaoilisha nyumba, aondolewe kwenye kazi hiyo. Kisha linakuja suala la bei: kilichotengenezwa monasterini kiuzwe kwa bei ya chini kidogo kuliko ya watu wa nje, ili tamaa ya mali isipate pa kuingilia. Sura ya 48 inakwenda mbali zaidi, ikisema kuwa wamonaki huwa wamonaki wa kweli pale wanapoishi kwa kazi ya mikono yao.

Benedikto aliandika hayo nchini Italia katika karne ya 6. Msomaji wa Tanzania aliyewahi kufika kwenye monasteri za Peramiho, Ndanda au Hanga ameshaona yalivyozaa matunda: karakana za useremala, mashamba, mifugo, na kengele inayowatoa watu kazini kwenda kusali. Kanuni haikuwakataza wamonaki kuuza. Iliwaachia swali ambalo kila kizazi kimelazimika kulijibu upya: nyumba ikishapata kitu ambacho dunia inakitaka, iuze kiasi gani, na kwa mikono ya nani?

1098–1300: Sufu

Mwaka 1098, Robert, abate wa Molesme huko Burgundy, aliiacha monasteri yake iliyokuwa imetajirika, akaenda na wenzake wapatao 20 kwenye msitu wenye majimaji uitwao Cîteaux. Walitaka kuishi Kanuni kama ilivyoandikwa. Wakakataa zaka, wakakataa kodi za mashamba, wakakataa kulishwa kwa jasho la wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya mabwana. Hapo ndipo lilipozaliwa shirika la Wasitersiani.

Uamuzi huo wa kiroho ulikuwa na matokeo ya kiuchumi ambayo waanzilishi hawakuyatazamia. Asiyepokea kodi hana budi kulima mwenyewe. Na anayesali mara nyingi kwa siku hawezi kulima shamba lililo mwendo wa nusu siku kutoka kanisani. Wasitersiani wakaanzisha daraja la mabradha wa kazi, watu wa kawaida walioweka nadhiri, wakavaa kanzu na kufuga ndevu, wakaishi kwenye mashamba ya mbali na kurudi monasterini siku za sikukuu. Kijana Bernard, ambaye baadaye angejulikana kama Bernard wa Clairvaux, alipobisha hodi Cîteaux mwaka 1113 akiwa na ndugu na marafiki wapatao 30, shirika lilishika kasi. Karne ya 12 ilipokwisha, lilikuwa na nyumba zaidi ya 500 Ulaya nzima.

Huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, nyumba za Rievaulx na Fountains zilianzishwa mwaka 1132 kwenye mabonde ambayo hakuna aliyeyataka. Ardhi ilikuwa mbaya kwa nafaka, nzuri kwa kondoo. Mabradha wakafuga makundi makubwa, wakachambua sufu kwa madaraja, wakaisafisha, wakaifunga kwenye magunia ambayo mnunuzi aliweza kuyaamini bila kuyafungua. Uaminifu huo ndio uliowapa soko. Wafumaji wa Flanders waliitaka sufu hiyo, na baada yao wakaja wafanyabiashara wa Italia wenye fedha taslimu. Katika karne ya 14, Francesco Pegolotti, mfanyakazi wa benki ya Bardi ya Florence, aliorodhesha katika kitabu chake cha biashara monasteri za Uingereza moja baada ya nyingine, na bei ya sufu ya kila moja kwa daraja. Katalogi hiyo ilisomwa na mtu aliyekaa Italia ambaye hangekanyaga Yorkshire maishani mwake.

Fedha ya Waitalia ilikuja na sharti lake. Walilipa mapema, tena mara nyingine kwa sufu ya miaka kadhaa ijayo, yaani ya kondoo ambao hawajazaliwa. Wamonaki wakapokea, wakajenga. Mtu akisimama leo mbele ya magofu ya Fountains anaona fedha hizo zilikokwenda. Kisha, katika miaka ya 1270 na 1280, ugonjwa wa upele ukaangamiza makundi ya kondoo. Sufu ikapungua, ahadi zikabaki palepale. Kujaza magunia waliyodaiwa, nyumba nyingine zikanunua sufu kwa majirani na kuipeleka kwa Waitalia kama yao. Fountains ikazama kwenye madeni mpaka mfalme akaiweka chini ya uangalizi.

Baraza Kuu la shirika lilikuwa limeonya juu ya mambo haya mawili tangu karne ya 12: kuuza sufu ya miaka ya mbele, na kununua sufu ya wengine ili kuiuza tena. Naliona katazo la pili kuwa la maana sana. Wazee wale walitofautisha kuuza ulichozalisha na kuchuuza kilichozalishwa na mwingine. La kwanza waliliona kuwa ni kazi. La pili lilikuwa biashara tupu, hata likifanywa na mtu mtakatifu.

1348–1831: Kuvunjwa na kuanza upya

Tauni ya 1348 na miaka iliyofuata iliwapunguza mabradha wa kazi, nao hawakurudi kwa wingi tena. Mashamba yakakodishwa, na wamonaki wakarudia kuishi kwa kodi ambazo Robert alizikimbia. Mfalme Henry wa Nane alifunga Rievaulx mwaka 1538 na Fountains mwaka 1539. Ufaransa, matengenezo makali yaliyoanza katika abasia ya Wasitersiani ya La Trappe mwaka 1664 chini ya Abate de Rancé yalirudisha ukimya na jembe, na wafuasi wake wakaitwa Watrapisti. Mapinduzi ya Ufaransa yakazifuta nadhiri za watawa mwaka 1790. Watrapisti wachache wakakimbilia Uswisi, na utawala wa Napoleon ulipoanguka wakarudi na kuanza tena mikono mitupu.

Nyumba mojawapo iliyotokana na mwanzo huo mpya ni Mont-des-Cats, kaskazini mwa Ufaransa, iliyofunguliwa mwaka 1826. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Ubelgiji, mtu mmoja aliyeitwa Jan-Baptist Victoor alikuwa akiishi maisha ya upweke msituni tangu 1814, karibu na kijiji cha Westvleteren. Mwaka 1831 wamonaki kutoka Mont-des-Cats walijiunga naye. Hivyo ndivyo abasia ya Mtakatifu Sixtus ilivyoanza.

1838–1992: Kreti za mbao

Wamonaki wa Westvleteren walianza kupika bia mwaka 1838. Kwa Mflandaria wa wakati ule bia ilikuwa kinywaji cha mezani, na vibarua waliojenga abasia walistahili kupewa sehemu yao. Kwa karibu karne nzima haikuuzwa kwa umma. Biashara ya rejareja ilianza mwaka 1931 tu.

Msomaji wa Goma au Masisi ana sababu ya kulikumbuka jina la abasia hii. Mwaka 1850 wamonaki wa Westvleteren walikwenda kuanzisha abasia ya Scourmont, ambayo bia yake inaitwa Chimay, na Scourmont nayo ilianzisha monasteri ya Mokoto huko Kivu mwaka 1954. Mwezi Mei 1996, watu waliokimbilia Mokoto kutafuta usalama waliuawa humo humo, na wamonaki wakalazimika kuondoka. Ukoo mmoja wa nyumba za sala umepita hapo kote.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa kwa miaka minne huko Ypres, jirani kabisa na Westvleteren. Wakimbizi na askari walijaa abasiani, lakini Wajerumani hawakuifikia, na masufuria ya shaba ya kupikia bia yalisalimika wakati yale ya viwanda vingine yaliyeyushwa kutengeneza silaha. Baada ya Vita vya Pili, bia ilikuwa inauzika vizuri mno. Hapo Abate Gerardus akafanya uamuzi ambao meneja yeyote angeuita wazimu: alipunguza. Wamonaki wapike kiasi cha kuiendesha nyumba na kuwasaidia wahitaji, basi. Mwaka 1946 abasia ilimpa mwenye kiwanda cha jibini wa kijiji cha Watou leseni ya kupika na kuuza bia kwa jina la abasia. Leseni hiyo ilidumu hadi 1992, na ilipokwisha abasia haikuiongeza. Tangu hapo, bia ya Westvleteren inapikwa na wamonaki wenyewe, ndani ya kuta zao.

Uamuzi wa 1946 ndio ninaouona kuwa mhimili wa simulizi hii. Bila huo, duka la mtandaoni ambalo abasia ililifungua mwaka 2019 halieleweki.

1999–2013: Majeneza

Marekani ilikuwa na njia yake. Wamonaki kule walizoea kuuza kwa posta: jamu, keki, jibini, kwa katalogi iliyotumwa nyumbani. Intaneti ilipofika, wengi walihamisha tu katalogi kwenye skrini. Watrapisti wa New Melleray, jimbo la Iowa, walianza mwaka 1999 kutengeneza majeneza kwa mbao za msitu wao. Wabenedikto wa Saint Joseph, Louisiana, walipofuata nyayo hizo mwaka 2007, bodi ya serikali iliyosimamia wazishi iliwaamuru waache, kwa sababu sheria ya jimbo iliruhusu mwenye leseni ya mazishi pekee kuuza jeneza. Mwaka 2010 wamonaki walikwenda mahakamani. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikubaliana nao kwamba sheria hiyo haikumlinda mfiwa, ilizuia ushindani tu, na Mahakama Kuu ya nchi ikakataa kuisikiliza bodi. Tangu wakati huo seremala wa abasia anauza jeneza lake bila kuomba radhi kwa mtu.

2002–2011: Tona

Sparta ni mji mdogo wa Wisconsin. Karibu yake palikuwa na abasia ya Wasitersiani iitwayo Our Lady of Spring Bank, iliyoanzishwa mwaka 1928 sehemu nyingine ya jimbo hilo na kuhamia hapo katika miaka ya 1980. Wamonaki hawakufikia kumi. Walikuwa na ardhi, majengo, bili za umeme na bima ya afya, na walikuwa wamewaza miradi mingi ya kuwaingizia fedha, hata kilimo cha uyoga.

Padre Bernard McCoy ndiye aliyesimamia mali za nyumba. Siku moja printa ya ofisi iliishiwa tona. Akatafuta nyingine mtandaoni, akashangaa: unga mweusi kidogo ndani ya kopo la plastiki, kwa bei inayokaribia ya printa yenyewe. Alichokuwa amekigundua ni namna biashara hiyo inavyojengwa. Kampuni inaiuza printa kwa bei ya chini, halafu inajilipa kwa miaka mingi kupitia wino. Pengo kati ya gharama ya kutengeneza katriji na bei yake dukani ni kubwa kiasi kwamba mtu mwenye katriji mbadala, au zilizojazwa upya, anaweza kushusha bei sana na bado akabaki na faida. Kwa hili hakuhitaji kiwanda, wala ghala kubwa. Alihitaji tovuti, msambazaji, na jina ambalo mteja atalikumbuka.

Duka likaitwa LaserMonks. Mwaka 2002, lilipoanza, mauzo yalikuwa kama dola 2,000. Mwaka uliofuata yakafika karibu dola 500,000, na mwaka 2005 yalikuwa takriban dola milioni 2.5. Magazeti na televisheni vilimfuata padre mwenye kanzu nyeupe na skapulari nyeusi anayeuza wino, na kila habari ilileta wateja. Wengi walikuwa taasisi: shule, parokia, ofisi ndogo ambazo zingetumia fedha hiyo kwa vyovyote vile na zilifurahi faida iende mahali pema. Sehemu ya mapato iliendesha nyumba, na sehemu ikaenda kwenye misaada, hasa ya watoto wenye shida. Wateja waliandika maombi yao pamoja na oda, na wamonaki waliyaombea. Sioni sababu ya kulidharau hilo. Mtu anayeagiza katriji na kuongeza kwamba mama yake anaumwa amekwisha kuelewa anazungumza na nani.

Wakati huo huo, wamonaki walikusanyika kanisani mara kadhaa kwa siku, kuanzia kabla ya mapambazuko. Simu za wateja hazikuijua ratiba hiyo. Wanawake wawili wafanyabiashara kutoka Colorado, waliokuwa na uzoefu wa biashara ya tona, wakajiunga na padre, wakahamia Wisconsin, wakashika oda, simu na usafirishaji. Bila wao duka lisingefika popote. Bidhaa nazo zikaongezeka: vifaa vya ofisi, kahawa, na vitu vilivyotengenezwa na monasteri nyingine zisizoweza kujitangaza.

Ukiipima kwa Kanuni, LaserMonks ilitii sura ya 57 vizuri kuliko nyumba nyingi: bei ilikuwa chini ya ile ya soko, tena chini sana. Kwa sura ya 48 jambo ni gumu. Mikono iliyojaza katriji haikuwa ya wamonaki, na iliyozifungasha haikuwa yao pia kwa sehemu kubwa. Wazee wa Cîteaux waliokataza kununua sufu ya jirani na kuiuza tena wangeitazama orodha ile ya bidhaa na kunyamaza kwa muda mrefu. Upande wa pili, wamonaki wachache wenye umri mkubwa wafanye nini? Kondoo elfu hawatawaweza. Duka lisilohitaji misuli lilikuwa jibu la kweli kwa tatizo la kweli, na kwa miaka kadhaa liliwapa watu wa sala muda wa kusali.

Mwaka 2011 duka lilifungwa. Jumuiya ya Spring Bank nayo ikavunjwa mwaka huo huo. Fedha zilikuwa zimeweza kulipa gharama za nyumba, lakini hazikuweza kuwaleta vijana wa kuijaza.

2005–2019: Simu isiyopokewa

Wakati tona inapanda chati Wisconsin, Westvleteren ilipata balaa la sifa. Mwaka 2005 tovuti moja ya wapenzi wa bia, kwa kura za watumiaji wake, iliitaja bia yao yenye kizibo cha njano, iitwayo 12, kuwa bora duniani. Chupa yenyewe haikuwa na lebo. Maelezo yote yaliyotakiwa na sheria yalibanwa kwenye kizibo, na rangi ya kizibo ndiyo iliyomwambia mnywaji ni bia ipi: njano kwa 12, bluu kwa 8, kijani kwa ile nyepesi. Chupa 24 zilikaa kwenye kreti ya mbao.

Magari yakapanga foleni kwenye barabara za mashamba. Akiba ikaisha. Wamonaki wangeweza kuongeza mitambo au kupandisha bei. Hawakufanya hata moja. Uzalishaji ulibaki takriban kreti 60,000 kwa mwaka. Wakaweka simu ya oda: mtu apige, atoe namba ya gari lake, apewe siku na saa ya kuchukua mzigo, na asirudi kabla ya siku 60. Kwa hiyo foleni ikahamia hewani, na watu wakapiga mara mamia bila kupokewa.

Katika miaka hiyo kuna wakati walivuka mipaka waliyojiwekea. Majengo ya abasia yalikuwa yamechakaa na yalihitaji kujengwa upya. Mwaka 2011 waliuza maboksi maalumu ya chupa sita na glasi mbili kupitia mnyororo wa maduka wa Ubelgiji kwa euro 25, na mwaka 2012 maboksi kama hayo yakapelekwa nje, Marekani yakiuzwa kwa karibu dola 85. Yaliisha upesi. Jengo lilipopata fedha yake, mlango ukafungwa tena.

Walanguzi hawakufunga. Mnunuzi alilipa abasiani chini ya euro mbili kwa chupa, kisha chupa ileile ikaonekana mtandaoni kwa bei mara nyingi zaidi. Mwaka 2018 mnyororo wa maduka wa Uholanzi, Jan Linders, ulipata chupa elfu kadhaa kwa njia za pembeni na kuziweka rafuni kwa karibu euro kumi kila moja. Wamonaki walilalamika hadharani. Sura ya 57 ilikuwa imevunjwa juu ya kazi ya mikono yao, na watu ambao hawakuwa wameahidi kuitii.

Jibu lao lilikuja Juni 2019: duka la mtandaoni. Wengi walidhani Westvleteren hatimaye imejisalimisha kwa soko. Utaratibu wenyewe ulionyesha vingine. Mnunuzi alijiandikisha kwa jina na namba ya gari. Mauzo yalifunguliwa kwa siku na saa zilizotangazwa, na aliyesubiri muda mrefu zaidi tangu oda yake ya mwisho ndiye aliyetangulizwa. Kreti zilikuwa chache kwa kila mtu. Aliyejaribu kununua mara kwa mara ili auze tena alisukumwa na mfumo wenyewe hadi mwisho wa mstari. Programu ambayo maduka mengine huitumia kumfanya mteja anunue zaidi, hapa iliandikwa kumgawia kila mtu kidogo. Uzalishaji haukuongezwa. Simu ikanyamaza.

2021–2022: Wanaobaki

Uhaba wa watu haukusubiri ufumbuzi wa mtandao. Achel, abasia nyingine ya Ubelgiji, ilipoteza wamonaki wake wa mwisho, na mwaka 2021 bia yake ikapoteza alama ya Watrapisti, kwa kuwa alama hiyo inadai bia ipikwe ndani ya kuta za monasteri chini ya usimamizi wa wamonaki. Huko Spencer, Massachusetts, Watrapisti walikuwa wamefungua mwaka 2013 kiwanda cha kisasa, cha kwanza cha bia ya Watrapisti Marekani, kwa matumaini kwamba kingewatunza uzeeni. Soko la bia la nchi ile lilikuwa limejaa, na kiwanda kile kilihitaji kuuza kiasi kikubwa ili kijilipe. Mwaka 2022 wakatangaza kwamba wanaacha kupika bia. Jamu waliyokuwa wakiitengeneza tangu miaka ya 1950 waliendelea nayo.